Boti nzee, ndani mpya: kazi inayoamua kama chombo kitasimama au kitapinduka ziwani Kivu

Jioni, mtu akisimama kwenye ufuko wa mtaa wa Himbi, anaona maboti yakirudi kutoka Idjwi, Minova na Bukavu. Kuna makubwa ya chuma, kuna ya mbao yenye moteri moja nyuma, kuna pirogi za wavuvi wa sambaza ambazo zinatoka wakati wengine wanaingia. Ya tanga ni machache sana. Mtu anaweza kukaa miezi bila kuona hata moja. Lakini ya aina yoyote, mengi yamekwisha kuzeeka. Mbao mpya ni bei, moteri ni bei zaidi, na mwenye makuta kidogo hununua boti ya zamani na kuitengeneza upya ndani ili isafiri tena.

Wengi huanza na kile kinachoonekana: rangi mpya, jina kubwa ubavuni, viti vya sponji, bashi mpya juu. Abiria akiona hivyo anasema, “Hii iko sawa.” Lakini kazi yenyewe haiko hapo. Uzito umewekwa wapi, maji ya ndani yanapita wapi, watu watatokea wapi siku ya taabu: hayo ndiyo yanaamua kama chombo kitasimama upepo ukipiga, ama kama kitapinduka.

Kituku, 3 Oktoba 2024

Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova, Kivu Kusini, kuja Goma. Mwaka ule barabara ya Goma–Minova ilikuwa imekatwa na vita, na watu pamoja na vyakula vilikuwa vinapita majini. Boti ilivuka ziwa. Ilipokuwa imekaribia bandari ndogo ya Kituku, ikaegemea upande mmoja na kupinduka machoni pa watu waliokuwa wanangojea ndugu zao. Katika hesabu ya kwanza, gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ndani mlikuwa na watu 278 na kwamba 78 walikufa. Walioshuhudia walisema boti ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Jirani zetu wa Tanzania nao wanajua msiba wa namna hii. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Victoria kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walipita 220.

Ajali zote mbili zilitokea karibu na nchi kavu, safari ikiwa inaisha. Wengi hudhani hatari ya ziwa iko katikati, kwenye kina kirefu. Kumbe karibu na gati kuna hatari yake, juu hapo ndipo watu wanasimama. Waliokaa chini safari nzima wanaona nyumba, wanaona ndugu, wanachukua mizigo na kuelekea upande wa kushukia. Kwa dakika chache tu, uzito wote wa boti unapanda na kuhama. Boti iliyopangwa vizuri ndani inaweza kuvumilia mwendo huo kwa kiasi. Iliyopangwa vibaya haivumilii.

Hesabu ya chukudu

Kijana anayesukuma chukudu katika barabara za Goma anajua sheria hii bila kuisoma. Magunia mazito anayaweka chini, kwenye ubao, karibu na magurudumu. Akiyapanga marefu kuliko kichwa chake, kona ya kwanza itamwangusha.

Boti ni vilevile, ila yenyewe inasaidiwa na maji. Ikiinama kuume, tumbo lake la kuume linaingia zaidi majini, na maji yanalisukuma juu. Nguvu hiyo ndiyo inairudisha isimame. Uzito ukiwa chini, maji yanashinda. Uzito ukiwa juu, boti inafika mahali pa kuinama ambapo uzito unashinda maji, na kutoka hapo hakuna kurudi. Inachukua sekunde chache, hata nahodha hana muda wa kupiga kelele.

Watu 50 wenye kilo 60 kila mmoja ni tani 3. Wakisimama wote kwa mara moja, ni kama mtu ameinua tani 3 za mizigo kutoka sakafuni na kuziweka juu zaidi, bila kuongeza hata kilo moja. Ndiyo maana benchi za boti hutakiwa kuwa chini, na ndiyo maana orofa ya pili iliyojengwa juu ya boti ambayo haikuumbwa kwa orofa ni hatari, hata ikiwa ya mbao nyepesi. Mbao ni nyepesi. Watu watakaopanda juu yake si wepesi.

Adui mwingine ni maji yaliyo ndani. Mama anayebeba kichwani beseni la maji lililojaa nusu anajua shida yake: ukiinama kidogo, maji yote yanakimbilia upande ule na kuuvuta zaidi. Maji yaliyokusanyika chini ya sakafu ya boti hufanya hivyo hivyo. Boti yenye maji mengi ndani inaweza kuonekana imetulia, kisha wimbi moja la upande likaipindua.

Kwanza kutoa vyote

Fundi mwenye akili haanzi kwa kuongeza, anaanza kwa kutoa. Viti, mbao za sakafu, makabati, waya, tanki, hata vile vipande vya mbao ambavyo mwenye boti wa kwanza alivipigilia bila sababu inayojulikana. Vyote vinatoka mpaka mbavu za boti zinabaki wazi. Wakati mzuri wa kazi hii Goma ni Juni mpaka Agosti, mvua ikiwa imepungua na mbao zikiweza kukauka.

Kisha kinachukuliwa kisu chenye ncha. Kinachomwa kwenye kila ubavu, kwenye mkuku, yaani ule mti mkubwa wa chini unaoshika boti yote, na kuzunguka kila msumari. Mbao nzima inakikataa kisu. Iliyooza inakipokea kama muhogo uliopikwa. Pa kutazama zaidi ni pembe ambazo hewa haifiki, mahali mbavu zinapokutana na mkuku, na chini ya kila tundu ambapo mvua huvuja. Maji ya mvua yanayokaa ndani huozesha mbao zaidi kuliko ziwa linalogusa nje. Boti iliyofunikwa na bashi bila hewa kupita inaweza kuoza ikiwa nchi kavu, bila kusafiri hata siku moja.

Ikiwa boti ni ya nyuzi za kioo na si ya mbao, kisu hakisaidii sana. Fundi anapigapiga kwa nyundo ndogo. Mahali pazima panalia wazi. Mahali palipoachana ndani panatoa sauti iliyokufa.

Kosa kubwa ni kufunika. Mtu anaona ubavu umeoza, anapigilia mbao mpya juu yake, anapaka rangi, kazi imekwisha. Ugonjwa unabaki chini, unaendelea kula. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na kwenye boti ukuta wenyewe haujengwi tena. Kilichooza kinakatwa mpaka pafikiwe mbao nzima, kisha kipande kipya kinaungwa kwa kulaliana kwa urefu, si kugusana ncha kwa ncha. Misumari iwe ile iliyopakwa zinki, na isirudishwe katika tundu la zamani. Mianya kati ya mbao inatiwa kalafati, yaani nyuzi za pamba zinazosukumwa ndani kwa patasi butu, halafu inafungwa kwa lami au gundi ya maboti.

Uzee peke yake si hukumu ya kifo. Maji ya Kivu hushuka na mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika, na kule kuna ushahidi. Meli inayoitwa leo Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isikamatwe, lakini kwanza walizipaka moteri zake mafuta mazito. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ilibeba watu miaka mingi baada ya hapo, juu waliotaka kuitumia tena waliifungua na kuitengeneza, hawakuifunika.

Mazuku ndani ya boti

Hewa nayo inaweza kuua. Watu wa Goma wanajua mazuku: ile hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hulala katika mashimo na mabonde. Iko upande wa Sake na katika sehemu za ufuko magharibi mwa mji. Hujikusanya zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa hakuna. Boti iliyovutwa nchi kavu na kuwekwa katika shimo la ufukoni inaweza kuwa bakuli la hewa hiyo. Fundi hapaswi kuingia ndani kabisa alfajiri akiwa peke yake. Aifungue kwanza, angoje upepo upite, na mwenzake abaki juu.

Sheria hiyo hiyo inafuata boti ikiwa majini. Mvuke wa benzini na gazi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Vikivuja havipandi juu. Vinashuka chini ya sakafu na kulala pale, kama mazuku, vikingoja cheche moja ya betri. Kwa hiyo tanki ya mafuta na chupa ya gazi havifichwi chini ya vitanda. Vinakaa mahali ambapo kinachovuja kinatoka nje, na chini ya sakafu pafunguliwe hewa kabla ya kuwasha moteri. Jiko la makala nalo ni la nje tu. Usiku wa baridi watu hupenda kuliingiza chumbani, na moshi wake usioonekana unaua waliolala.

Kupanga upya

Mifupa ikiwa mizima, ndipo ndani inapangwa. Kazi inaanza chini kabisa, pale maji hukusanyika, ambapo watu wa pwani hupaita ngama. Kila ubavu uwe na kitundu chini yake ili maji yapite kutoka mbele mpaka nyuma, yafike mahali pamoja penye pampu. Bila vitundu hivyo, maji yanafungwa kati ya mbavu na mbao zinaoza. Mbao za sakafu zisipigiliwe moja kwa moja. Zifungwe kwa namna ya kuinuliwa kwa mkono, juu siku boti inavuja, hakuna mwenye muda wa kutafuta nyundo. Na pampu ikiwepo, ndoo nayo iwepo. Ndoo haina waya wa kukatika.

Baada ya hapo vinakuja vizito: betri, mafuta, maji ya kunywa, vyombo vya fundi. Vyote chini, karibu na mstari wa katikati, na vyote vimefungwa. Lita 100 za maji ni kilo 100. Zikiwa katika pipa moja lililojaa nusu, zinakimbia huku na huku kama maji ya lile beseni. Zikigawanywa katika bidoni tano za lita 20, zimejaa na zimefungwa, zinatulia.

Boti nyepesi inaweza kuhitaji uzito wa ziada chini ili isimame. Goma mawe hayakosekani. Mlima wenyewe uliyaleta mpaka katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Lakini mawe ya volkano mengi yana matundu kama sponji: ni makubwa kwa macho na mepesi kwa kilo, na makali yake yanakwaruza mbao. Afadhali mawe yaliyoshikana, ama vipande vya chuma. Vyovyote vile, vifungwe. Uzito unaoteleza boti ikiinama ni mbaya kuliko kutokuwa na uzito.

Mwenye boti ya tanga ana jambo la kuongeza. Upepo unaojaza tanga unasukuma boti ilale, na kinachoirudisha ni uzito wa chuma au risasi uliofungwa chini ya mkuku. Uzito huo si wa kutoa ili boti ikimbie. Mlingoti nao unasukuma kwa nguvu kuelekea chini, kwa hiyo mguu wake unakaa juu ya mkuku, hapana kuukalisha juu ya mbao za sakafu. Sakafu mpya nzuri iliyowekwa bila kukumbuka mlingoti itapasuka, na pengine boti nayo.

Kutoka Goma mpaka Bukavu ni karibu urefu wote wa ziwa, ambalo lina kilometa kama 90 kutoka kaskazini mpaka kusini. Boti ndogo ya mwendo wa pole inaweza kulala njiani. Vitanda viwe chini, pande zote mbili kwa usawa, na njia ya katikati isiwekwe kitu. Maharagwe ya Minova na mananasi ya Idjwi yana mahali pake, na mahali hapo si juu ya paa wala katika njia ya kutokea.

Njia ya kutoka

Hapa ndipo uzuri na usalama mara nyingi hugombana. Chumba kilichofungwa vizuri, chenye mlango mmoja mdogo na vioo visivyofunguka, kinakinga mvua na baridi. Boti ikipinduka, chumba hicho kinageuka mtego. Sakafu inakuwa dari, mlango uko chini ya maji, na giza ni tupu. Katika ajali ya MV Nyerere, fundi mmoja wa moteri aliokolewa akiwa hai baada ya siku mbili, kwa sababu alikuwa mahali palipobaki na hewa. Ni mmoja. Wengi waliofungiwa hawakupata nafasi hiyo.

Kwa hiyo kila chumba kiwe na njia mbili za kutoka, moja mbele na moja nyuma ama juu, kila moja ikipitisha mtu mzima aliyevaa jile ya kuokolea. Milango ifunguke kwa kusukuma kuelekea nje, na isifungwe kwa kufuli safarini. Bashi za pembeni, zile zinazoteremshwa mvua ikinyesha, zisifungwe kwa mafundo. Ziwe na kamba ya kuvuta mara moja tu.

Na jile zenyewe? Katika maboti mengine ziko, lakini ziko chini ya magunia, ama katika sanduku lenye kufuli. Jile iliyo chini ya gunia ni sawa na jile iliyobaki dukani. Mahali pake ni mwilini mwa abiria, kabla boti haijaacha gati. Katika chumba kilichofungwa hata jile inaweza kumbana mtu kwenye dari, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda njia pana kuliko ukuta mzuri.

Kitu kingine ni cha bei ndogo: bidoni tupu. Bidoni ya njano ya lita 20, iliyofungwa kabisa, inaweza kushikilia karibu kilo 20 isizame. Kumi zinashikilia karibu kilo 200. Zikifungwa kwa kamba nzuri chini ya benchi, kando kando pande zote mbili, boti iliyojaa maji inaweza kubaki inaelea na watu wakaishikilia. Hapana kuziweka chini ya sakafu: pale zinasukuma tumbo la boti juu na kusaidia kuipindua. Uzito chini katikati, hewa juu pembeni.

Kuijaribu kabla ya watu

Boti iliyomaliza kutengenezwa haijamaliza kujaribiwa. Inateremshwa majini mahali pa kina kifupi, siku ya utulivu, na inaachwa siku nzima ili mbao zinywe maji na mianya ijionyeshe. Kisha inapakiwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu na mizigo itakayobeba, na wanaume wachache wenye jile wanahamia upande mmoja pole pole. Fundi anatazama ukingo unabaki sentimeta ngapi juu ya maji. Halafu wanaitikisa na kuiacha. Boti salama inarudi haraka, kwa mrusho. Ile inayorudi taratibu, kwa uvivu, kama inayofikiri kwanza, ina uzito juu. Abiria hupenda mwendo huo wa upole, kumbe ndio unaotangaza hatari. Boti hiyo irudishwe ufukoni, kitu kishushwe au kitolewe.

Mwisho, mstari wa rangi unachorwa nje, pale maji yanapofikia boti ikiwa na mzigo wake wa haki. Mstari huo hauna maana kama siku ya soko mwenye boti anaupita akisema “mtu mmoja tu tena.” Hakuna kazi ya ndani, hata ikiwa ya fundi bora, inayoweza kuokoa boti iliyobeba mara mbili ya uwezo wake.

Abiria hawezi kufungua sakafu wala kuchoma mbavu kwa kisu. Lakini akiwa bado ku gati anaweza kutazama mambo machache: mstari unaonekana au umezama? Magunia yako chini au juu ya paa? Jile iko mkononi au katika hadithi? Akikaa pale anapokaa, atatokea wapi? Na boti ikikaribia Kituku, ndugu zake wakianza kumpungia mkono, abaki amekaa mpaka kamba ifungwe.